Mpishi Kwenye Kiti cha Mzazi

Kwa siku tisa wapishi wawili wa shule ile hawakusemeshana, na kama ungeingia jikoni siku hizo ungedhani umeingia msibani. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye mikono iliyokomaa kwa kubandua masufuria. Wanafunzi walimwita Kamanda, jina alilolijua vizuri sana ingawa alijifanya hajalisikia. Wa pili alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mnene, mcheshi, mwepesi wa kucheka hata pasipo na cha kuchekesha. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Sasa walizungumza kupitia kwa mzee wa kuni, ambaye maskini ya Mungu aliajiriwa kupasua magogo, si kupeleka salamu.

"Mzee, mwambie huyo anisogezee karai," Kamanda alikuwa akisema.

"Mzee, mwambie huyo karai liko mbele ya macho yake," wifi alikuwa akijibu, na karai lenyewe liko katikati yao, wote wawili wanalitazama.

Mzee wa kuni aliwavumilia siku mbili. Siku ya tatu aliweka shoka chini akasema mshahara wake ni wa kazi moja tu, na kama wanataka mkalimani wakamtafute mwingine. Tangu hapo wakawa wanaoneshana kwa vidole.

Chanzo cha yote kilikuwa karatasi. Kamanda alikwenda ofisini kwa karani kuuliza wageni wa mahafali watakuwa wangapi, maana mpishi asiyejua idadi ya midomo anapika kwa kubahatisha. Ukutani kulikuwa na orodha ya viti vya wazazi. Kila mhitimu wa kidato cha sita alikuwa ameandika kwa mkono wake jina lake na, pembeni, mtu atakayemkalia kiti. Baba. Mama. Babu. Kaka mkubwa. Kamanda alimtafuta binti yake, kitinda mimba wake, akamkuta chini kabisa ya karatasi, namba sitini na tisa. Pembeni ya jina palikuwa na mwandiko ule mzuri uliolala, ambao Kamanda aliujua tangu ukiwa vijiti vya kuchora ardhini. Palikuwa pameandikwa: Shangazi.

Alisoma mara tatu. Kisha akamshukuru karani, akarudi jikoni, akamtazama wifi yake kuanzia juu mpaka chini, na hakumwambia neno.

Sasa ngoja nikueleze kiti hicho ni kitu gani, maana bila hivyo utamwona Kamanda ana makuu. Zamani kidogo shule ile iliwahi kuwa na mwalimu mkuu aliyechoshwa na hotuba, akaanzisha mtindo wake. Mhitimu akitajwa jina, hapandi jukwaani moja kwa moja. Anasimama kwenye ngazi ya kwanza na kungoja. Mzazi wake anainuka kitini na kusema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Huyu ni wangu." Basi, hakuna zaidi. Ndipo mtoto anapanda kupokea cheti chake. Kwenye mazoezi wanafunzi huigizana na kuchekana mpaka mbavu ziwaume. Siku yenyewe ikifika hakuna anayecheka. Kuna kina baba waliozoea kukemea nyumba nzima, wakisimama pale sauti inakwama kooni wanabaki kupunga mkono. Na yule aliyekosa mtu wa kumsimamia, ukumbi unanyamaza kidogo, halafu mwalimu wa nidhamu anasema kutoka jukwaani, "Huyu ni wetu." Ni maneno ya wema kabisa. Ila sijapata kuona mtoto anayetaka kuambiwa.

Kamanda alikuwa amepika mahafali ya miaka kumi na tisa na hakuwa ameona hata moja. Jiko liko nyuma ya ukumbi, na yeye sherehe yote aliifuata kwa masikio. Makofi mafupi ni mgeni rasmi anakaribishwa. Makofi marefu ni mgeni rasmi amemaliza, watu wanashukuru. Viti vikianza kukwaruza sakafu, basi chota wali haraka, wanakuja. Mwishoni mwa risala kulikuwa na sentensi moja ya kila mwaka, tunawashukuru na wapishi wetu, iliyopita kati ya wapambaji na mafundi mitambo, na hiyo pia aliisikia kupitia dirishani akiwa ameinamia sufuria.

Si kwamba hakuipenda shule. Yeye mwenyewe aliishia kidato cha pili, mama yake alipougua, na hakurudi tena darasani. Aliingia kwenye jiko lile akiwa na mimba ya huyo binti, kazi yake ikiwa kumenya vitunguu. Mtoto alipozaliwa alilazwa juu ya magunia ya mchele, akakua pale pale, akajifunza kuhesabu kwa sahani. Mumewe alipofariki, wifi alikuja kuzika na begi dogo la siku tatu, na mpaka leo hajaondoka. Alipanga chumba mkabala na cha Kamanda, milango ikitazamana, akaomba kazi jikoni, wakalea mtoto wawili. Hata katika siku zile tisa za kununiana, wifi hakuacha kumgongea mlango alfajiri asije akachelewa kazini. Aligonga mara mbili, kimya, akaenda zake.

Wiki ya mwisho ya kidato cha sita ni wiki ya vurugu tamu. Wanaandikiana kwenye mashati kwa kalamu za wino mpaka shati halionekani rangi yake. Wanaazimana viatu. Wanajaribu majoho mbele ya dirisha la maabara kwa sababu ndilo lenye kioo kizuri. Wasichana wanalia kwa kupokezana, huyu akimaliza anaanza yule. Na desturi moja hawaiachi: wanakuja jikoni na kalamu zao, wanamzingira Kamanda na kumwandika aproni. Kila mwaka hujifanya kufoka, na kila mwaka husimama wima wakamwandika. Mwaka huu walipokuja, binti yake aliandika karibu na mfuko, kwa herufi ndogo, "Asante kwa kila sahani." Kamanda alisoma, moyo ukamuuma zaidi. Sahani, alijisemea. Kwa hiyo mimi ni wa sahani.

Angemwuliza siku ile ile, yangekwisha. Lakini Kamanda na kiburi chake, nani amwambie? Tena kulikuwa na jambo ambalo hakuna mtu aliyelijua. Tangu mwezi wa pili alikuwa amenunua kitambaa cha rangi ya zambarau, akapeleka kwa fundi, akashona nguo ya heshima, akaifunika kwa shuka chini ya sanduku. Alikuwa amepanga kwenda kwa mwalimu mkuu kuomba saa mbili za ruhusa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, akae kitini kama mzazi mwingine yeyote. Alingoja binti aje kumwomba ndipo amtolee siri. Akangoja mwezi wa tatu, wa nne, mpaka karatasi ikabandikwa ukutani.

Siku ya mahafali walikoka moto kukiwa bado kuna giza. Wali sufuria tatu, mchuzi wa nyama sufuria moja, ile kubwa ambayo watu wawili hawaibebi. Wageni mia nne.

Jikoni pale palikuwa na sheria moja iliyokuwa nzito kuliko sheria zote za mwalimu wa nidhamu. Chumvi ya mchuzi hutiwa mara moja, kwa bakuli la bati, na anayetia anapaza sauti, "Chumvi imeingia." Mwenzake anaitikia, "Imeingia." Ni hivyo tu, na kwa miaka kumi na mmoja hawakuwahi kukosea.

Asubuhi hiyo Kamanda alitia bakuli lake nyama ilipoanza kulainika. Wifi alikuwa nje anachagua nyanya. Kamanda alifungua mdomo, akakumbuka amenuna, akaufunga. Kupaza sauti kungekuwa kumsemesha, na yeye hasemeshi mtu. Wifi akarudi, akatazama mchuzi unavyochemka, akajua kwa mazoea kwamba saa ya chumvi imefika. Akasikiliza. Kimya. Akawaza, huyu amenuna mpaka amesahau kazi, leo ataaibika mbele ya wageni. Akachota bakuli akatia, na kwa kuwa naye ana kiburi chake, hakutaka ionekane anajipendekeza. Naye akanyamaza.

Saa nne na nusu mzee wa kuni alikuja kuonja, kama ilivyo haki yake. Alipeleka kijiko mdomoni, akasimama vile vile kwa muda, macho yakamtoka. Kisha akameza kwa taabu.

"Mimi si mpishi," alisema taratibu. "Nauliza tu. Huu ni mchuzi wa kula, au mnataka kuhifadhia ngozi?"

Kamanda alionja, akakaa juu ya gunia. Wifi alionja, akatema kwenye majivu. Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza katika siku tisa walitazamana machoni.

"Ulitia?" wifi aliuliza.

"Nilitia. Na wewe?"

"Na mimi."

Mzee wa kuni aliokota shoka lake. "Mungu mkubwa," alisema, "wameanza kuongea," akatoka nje.

Hapakuwa na muda wa kulaumiana. Walichota nusu ya mchuzi wakaumimina kwenye ndoo, wakaongeza maji ya moto, wakakaanga vitunguu na nyanya upya bila chembe ya chumvi. Kilichobaki kilikuwa viazi: gunia zima, vimenywe vyote, vitumbukizwe vikanyonye ule ukali. Wakakaa kwenye vigoda, magoti kwa magoti, karai katikati, visu mkononi. Ukumbini makofi mafupi yalisikika. Mgeni rasmi amefika.

Walimenya viazi kama kumi hivi. Halafu Kamanda akasema bila kuinua uso, "Nilishona nguo."

"Nguo gani?"

"Ya leo. Tangu mwezi wa pili. Iko chini ya sanduku."

Kisu cha wifi kilisimama. "Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Sasa mtoto angejuaje? Angeoteshwa?"

"Angeniomba. Mimi ndiye mama yake." Sauti ya Kamanda ilikuwa imeanza kupasuka. "Akakuomba wewe. Nikaikuta ofisini kwa karani, imebandikwa, kila mtu anaisoma. Unajua nilijisikiaje, wifi? Nilijiona kama mtu niliyemkodi mtoto miaka yote hii."

Wifi alitupa kiazi ndani ya karai, akashusha pumzi. Yeye ni mtu wa kucheka, na akiacha kucheka ujue kuna jambo.

"Nikwambie kitu na usinikatize," alisema. "Unakumbuka alipomaliza kidato cha nne?"

"Nakumbuka. Nilimwahidi nitasimama hata mlangoni."

"Ulifika mlangoni?"

Kamanda alichukua kiazi kingine. Alikuwa amefika nusu ya njia, anakumbuka vizuri. Alisikia majina yanaitwa, akapiga hesabu kwamba bado kuna watoto saba mbele ya wake, akarudi kuchochea moto mara moja tu, dakika tatu. Alipotoka tena, makofi yalikuwa ya mtoto mwingine.

"Aliniambia mimi baadaye," wifi aliendelea. "Wewe alikwambia ilikuwa nzuri, sivyo? Mimi alinililia kwenye hiki kifua. Alisimama kwenye ngazi akiangalia mlango wa nyuma, maana ulimwambia utakuwa mlangoni. Ukumbi umenyamaza, wenzake wanamtazama, na yeye anaangalia mlango. Mpaka mwalimu akasema huyu ni wetu. Binti ana mama mzima, hatua hamsini kutoka pale, anasemewa huyu ni wetu. Mwaka huu alinifuata akaniambia, shangazi, nikimwomba mama atasema ndiyo, halafu hatakuja, na yeye ataumia kuliko mimi. Njoo wewe. Basi, hicho ndicho nilichokuibia."

Kamanda alikuwa ameacha kumenya. Machozi yalikuwa yakidondoka kwenye viazi na hakuyafuta. Miaka miwili alikuwa amelichukulia jambo lile kama kitu kidogo, maneno matupu ya jukwaani, mtoto amepata cheti na chakula kimetoka kwa wakati. Mwalimu mkuu alimsifu siku ile mbele ya wageni kwamba chakula cha Kamanda hakichelewi wala hakiungui, na yeye akalala usingizi mzuri.

"Nenda ukakae," wifi alisema.

"Jina lililoandikwa ni lako."

"Kuna mtu atanidai kitambulisho? Nenda."

"Na wali? Nani ataupalia?"

"Mimi."

"Wali wako hutoka uji."

"Basi leo watakunywa uji na nyama. Inuka, mama, usinitie wazimu. Wameshaanza kuita majina."

Nguo ya zambarau ilikuwa mbali, chini ya sanduku. Iliyokuwepo ni ya wifi, imetundikwa nyuma ya mlango wa stoo, ya kijani yenye maua makubwa, ameileta kwa ajili ya kiti kile kile. Wifi alimvalisha haraka haraka na kumbana begani kwa pini mbili. Nguo ilikuwa na nafasi ya mtu wa pili ndani yake. Mzee wa kuni alimtazama akataka kusema neno, wifi akamkazia jicho, akalimeza.

Kamanda aliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, akafuta uso kwa kiganja, akapita kati ya magoti ya watu akiomba radhi. Kiti namba sitini na tisa kilikuwa safu ya tatu, pembeni. Upande wa kushoto alikaa baba mmoja mwenye suti ya kahawia, ameshika simu tayari kupiga picha. Wahitimu walikuwa wamekaa kando ya jukwaa, majoho yakiwabana shingo kwa joto. Binti yake alikuwa anazungumza na mwenzake, akageuza uso bila kusudi, akamwona mama yake kwenye kiti cha shangazi, ndani ya nguo ya shangazi. Mdomo ukamwachama. Kamanda hakujua afanye nini na uso wake, akampungia vidole vitatu.

"Namba hamsini na nane," mwalimu wa nidhamu alikuwa akisoma.

Ilikuwa raha, nisikufiche. Kwa muda mfupi Kamanda alisahau jiko. Aliwatazama watoto aliowalisha miaka sita wakisimama ngazini mmoja mmoja, na akagundua kwamba anawajua wote kwa vyakula: huyu haachi maharage, huyu hutaka nyongeza ya mchuzi, huyu mrefu aliwahi kuiba viazi akadhani hakuonekana. Bibi mmoja alisimama kwa fimbo akasema huyu ni wangu mara mbili, kwa kuhakikisha. Baba mwingine hakuweza kabisa, mkewe akamalizia.

Namba sitini na moja ilipoitwa, ndipo aliposikia harufu.

Mwanzoni ilikuwa nyembamba, ya kujificha. Pua ya Kamanda haikuhitaji zaidi. Wali unaungua. Tena alijua ni sufuria ipi: ile ya tatu, iliyo karibu na ukuta, ambayo moto wake ni mkali na makaa lazima yavutwe nje mchele ukishakauka maji. Wifi husahau kuvuta makaa. Miaka yote Kamanda ndiye huyavuta.

Aliinuka kidogo kitini bila kujua. Hatua hamsini kwenda, kuvuta makaa, hatua hamsini kurudi. Dakika tatu. Namba sitini na mbili ilikuwa ikipanda jukwaani. Bado watoto saba, na kila mmoja anachukua karibu nusu dakika. Angewahi. Hesabu ilimwambia wazi kabisa kwamba angewahi, na ilikuwa hesabu ile ile ya mwaka ule.

Kamanda alikaa. Alishika kingo za kiti kwa mikono yote miwili, akajikaza kisabuni.

"Kuna kitu kinaungua," baba wa suti ya kahawia alimnong'oneza.

"Ni wali," Kamanda alisema.

"Hakuna mtu huko?"

"Yupo."

Sitini na nne. Sasa harufu ilikuwa imeshaingia ukumbini na kila mtu amepata fungu lake. Watu waligeuka kutazama madirisha. Jukwaani mwalimu mkuu alinyanyua pua juu, akamwinamia mgeni rasmi na kumwambia jambo huku akitabasamu kwa shida. Wanafunzi wa vidato vya chini walianza kucheka. Miaka kumi na tisa bila sufuria kuungua ilikuwa inatoka kwa dirisha moja na kuingia kwa jingine, watu mia nne wanainusa, na mwenyewe amekaa safu ya tatu jasho likimtiririka ndani ya maua ya kijani. Kila kiungo mwilini kilimwambia inuka. Hakuinuka.

"Namba sitini na tisa."

Binti alisogea mpaka kwenye ngazi ya kwanza, akasimama. Wenzake wote walikuwa wakifika pale wanatafuta kiti chao kwa macho. Yeye aliinamisha kichwa, akawa anatazama ncha za viatu vyake.

Kamanda alisimama. Alikuwa ameogopa sauti isije ikamkwama kama wale kina baba. Iliyotoka ilikuwa sauti yake ya kazi, ile ya kuita foleni ya chakula juu ya kelele za watoto mia tano, maana kwa kweli hakuwa na nyingine.

"Huyu ni wangu."

Ukumbi ulitulia, halafu wanafunzi waliitambua ile sauti kabla hawajamtambua mtu. "Kamanda," mmoja akasema, na safu zote za nyuma zikaanza kucheka na kupiga makofi na kugonga sakafu kwa miguu. Binti aliinua kichwa. Alimtazama mama yake akasahau kwamba anatakiwa apande. Mwalimu wa nidhamu alimwita mara mbili, mwishowe akashuka ngazi mwenyewe akampelekea cheti pale pale, na Kamanda alikuwa bado amesimama, pini moja imeachia, analia bila kificho mbele za watu.

Sufuria ya tatu iliungua kweli. Wageni walikula wali wenye moshi, na mchuzi uliojaa viazi mpaka nyama ikatafutwa kwa kijiko. Mwalimu mkuu alimaliza sahani yake bila kusema lolote, jambo ambalo kwa siku hiyo lilikuwa ukarimu. Jikoni wifi alikuwa amepakaa masizi mpaka masikioni, na mzee wa kuni alikuwa amenuna.

"Nilitaka kuja kukuita," mzee alimwambia Kamanda. "Huyu kasimama mlangoni na mwiko. Kasema nikitoka atanitia mimi kwenye mchuzi."

"Ningemtia," wifi alisema. "Angepunguza chumvi."

Kamanda alicheka. Kisha akamkumbatia wifi yake na masizi yake yote, nguo ya kijani ikaharibika hapo hapo, na wifi akasema shauri yako, utanishonea nyingine.

Wageni walipoanza kutawanyika, binti alikuja nyuma ya jiko na joho lake mkononi. Mama yake alikuwa anakwangua sufuria iliyoungua kwa kipande cha bati. Binti akachukua kipande kingine akainama upande wa pili, wakawa wanakwangua pamoja.

"Mama," alisema baada ya muda. "Nilipousikia moshi, nilijua umeondoka. Ndiyo maana sikutazama kiti. Nilishaandaa tabasamu la kumpa mwalimu wa nidhamu, asinionee huruma."

Kamanda aliacha kukwangua. "Na mwaka ule? Ulimpa?"

"Nilimpa."

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani ni jambo dogo."

Binti hakusema limekwisha, wala hakusema si kitu. Alifuta pua kwa mgongo wa mkono, akaendelea kukwangua ukingo wa sufuria. "Jumatano naenda chuoni kuulizia nafasi za uuguzi," alisema. "Wanataka uje na mzazi. Ni saa nne asubuhi."

Saa nne ndiyo saa ya kubandika mchele. Wote wawili waliijua saa hiyo kwa miaka kumi na tisa.

"Nitakuja," Kamanda alisema.

Binti alimwangalia kidogo, akatikisa kichwa kukubali, na hakuuliza mara ya pili.